Nia Njema na Mamlaka

Mtu akizama mtoni, hapana angojaye ruhusa ndipo amwokoe. Hoja hii huwavuta wengi wanapoutazama unene uliozidi, ambao huleta kisukari na maradhi ya moyo. Mwaka 2012, kwa shauri la Meya Michael Bloomberg, Halmashauri ya Afya ya mji wa New York, Marekani, iliamuru kwamba katika mikahawa na majumba ya sinema kinywaji kilichotiwa sukari kisiuzwe katika chombo kipitacho kipimo cha karibu nusu lita. Nia ilikuwa njema.

Walakini amri hiyo haikupata kutumika. Siku moja kabla ya kuanza, mwezi Machi 2013, jaji aliizuia. Na mwezi Juni 2014 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliibatilisha, majaji wanne kwa wawili. Msomaji asidhani kwamba majaji waliitetea sukari. Walisema kwamba halmashauri, ambayo wajumbe wake huteuliwa wala hawapigiwi kura na raia, ilijitwalia kazi ya baraza la kutunga sheria.

Mpaka wa kazi hizo mbili u wapi? Itazame amri yenyewe. Vinywaji vyenye maziwa mengi havikuguswa, hata vikiwa na sukari tele. Maduka ya vyakula hayakuguswa, hivyo aliyenyimwa mlango huu angepewa mlango wa pili. Tena hapana aliyekatazwa kununua vikombe viwili! Kila mwanya wa namna hiyo ni mizani: huku afya, huku faida ya mwuzaji, huku hiari ya mnywaji. Daktari ajua sukari hufanya nini mwilini. Elimu yake haimwambii ni hiari kiasi gani yafaa itolewe kwa kila ratili ya mwili ipunguayo.

Hoja hii yanichoma mimi mwalimu. Mara nyingi nimewakataza wanafunzi jambo kwa faida yao, nisiulize kama kanuni zaniruhusu. Nao, kwa kuwa ni watoto, walitii.

Wako wasemao kwamba mabaraza ni mazito, huwaogopa matajiri, na yakisitasita watu hufa. Ni kweli, na jambo hilo ni chungu. Lakini mwezi Novemba 2014 wapiga kura wa Berkeley, katika California, walikubali wenyewe kodi juu ya vinywaji vya sukari, ingawa wenye viwanda walimwaga fedha nyingi kuipinga. Kodi ikaanza kutozwa mwaka uliofuata.