Je, Kutunza ni Uchoyo?

Mtu anapokitunza kitu chake kwa bidii, anakitunza kwa ajili ya nani? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna mengi yahusuyo jinsi tunavyoishi na jirani zetu. Nami nitalijadili kwa kutumia kitu cha kawaida kabisa, yaani kiti cha ngozi cha baiskeli.

Wasomaji wa makamo watakikumbuka. Baiskeli nyingi za Kiingereza zilizofika kwetu zamani zilikuwa nacho. John Boultbee Brooks, ambaye jina lake limeambatana na viti hivyo, alianza mwaka 1866 mjini Birmingham kwa kutengeneza vifaa vya ngozi vya farasi, na mwaka 1882 akaomba hataza ya kiti cha baiskeli. Kiti hicho hakina sponji. Ni ngozi nene ya ng'ombe iliyovutwa juu ya fremu ya chuma, ikakazwa kwa ribiti mbele na nyuma. Kikiwa kipya ni kigumu kama ubao. Kadiri mwenyewe anavyokikalia, ndivyo kinavyobonyea pale mifupa yake inapokaa, hata kikawa chake kuliko hati yoyote ya mauzo inavyoweza kukifanya.

Changu nilikirithi kwa marehemu baba, nami nimekifunga kwenye baiskeli ninayoitumia hapa Msanzi. Huku Ufipa ngozi ina maadui wawili. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua na tope. Gurudumu la nyuma lisipokuwa na madigadi hurusha maji moja kwa moja chini ya kiti, mahali ambapo ngozi haikulainishwa, na hunywa maji upesi. Ikifika Juni na Julai, upepo mkavu wa baridi huikausha hata ikaelekea kupasuka. Kwa hiyo mara moja au mbili kwa mwaka nakipaka nta iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe, zaidi upande wa chini, tena kidogo tu, kwa sababu mafuta yakizidi ngozi hulegea kama kitambaa. Kikilowa nakianika kivulini penye upepo, kamwe si karibu na moto. Nati ya mbele naikaza kwa nadra, robo ya mzunguko. Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: usikikalie kikiwa kimelowa, maana ngozi iliyolowa huvutika, na ikikauka hubaki imelegea vivyo hivyo.

Sasa tuseme ni usiku wa Februari, mvua inanyesha. Kijana wa jirani anabisha hodi.

“Shikamoo mzee. Naomba baiskeli. Mama amezidiwa, nataka nimpeleke zahanati.”

Siku hizi kuna bodaboda, ni kweli. Lakini si kila usiku atapatikana wa kukubali tope lile, wala si kila nyumba ina nauli. Kijana atampakia mama yake kwenye keria. Panapopitika atapanda, penye utelezi atasukuma. Kwa vyovyote atakikalia kiti kilicholowa. Ombi la namna hii limenifikia zaidi ya mara moja, na sijaona kwamba lina majibu mawili. Baiskeli inatoka. Nakivisha kiti kipande cha turubai, nafunga kwa mpira wa tyubu, basi.

Wako watakaosema: kama ni hivyo, mafuta na nta vya nini? Kitu ni kitu tu, kitumike kiishe. Mimi sikubaliani nao. Kijana yule asingekuwa na cha kuazima lau baiskeli ingekuwa imetelekezwa uani miaka mitano. Uzembe wa mwenye mali huwanyima hata wale ambao bado hawajabisha hodi. Wengine watasema kinyume: urithi wa baba utundikwe ukutani, usiguswe. Lakini lile bonyeo ninalolikuta katika ngozi ile halikutokana na kutundikwa. Baba alilifanya kwa kwenda shambani, mnadani na misibani. Nikikitundika, nitakuwa nimehifadhi umbo la safari zake huku nikikataa safari zenyewe.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ni kweli pia kwamba kiti kilichozoea mifupa ya mwingine humuumiza mwazimaji. Lakini kijana yule hakuja kutafuta raha, alitaka kufika. Naye ana wajibu wake: arudishe mapema, aseme kama kimelowa, asikianike juani ili kuficha. Akifanya hivyo, kilichobaki ni kazi yangu, nami naifanya bila kinyongo.

Basi, kipimo ninachokitumia ni hiki. Matunzo yanayokiweka kitu tayari kwa kazi ni wema, hata kama jirani hatayaona. Matunzo yanayokizuia kisifanye kazi yake, eti kisichakae, ni uchoyo, hata ukiitwa heshima. Huenda kiti changu kikalegea miaka kadhaa kabla ya wakati wake kwa sababu ya usiku kama ule. Hasara hiyo naijua, na naikubali. Mgonjwa aliyefikishwa zahanati ni sehemu ya kazi ambayo ng'ombe alitolewa ngozi yake ili ifanyike.