Ng'ambo ya Wimbo

Rumba ya Kongo hutungwa kwa kumsubirisha mtu. Waimbaji huanza taratibu, wakisimulia mapenzi, deni au aibu, kisha maneno yanapungua na magitaa yanashika njia. Tangu miaka ya 1980, bendi ya Zaïko Langa Langa ilipomwingiza atalaku, mtu wa kuita na kuchochea, juu ya magitaa hayo huja pia kelele za kuhimiza. Sehemu hiyo ndiyo sebene. Hapa Kindu, mkoani Maniema, iwe upande wa mji wa Kasuku au wa Mikelenge, sebene ikiingia aliyekaa husimama. Mimi namfikiria yule anayesimama ili aondoke.

Wapo watu wanaoumizwa na sauti ambazo wengine hawazitambui hata kama zipo. Kwa wenye hipakusisi, mlio wa kawaida hufika kama kofi. Wenye misofonia, jina walilolitunga Margaret na Pawel Jastreboff mwaka 2001, husumbuliwa na sauti fulani tu, hata ikiwa ndogo, nayo huwaamshia hasira au kinyaa. Watu wengi wenye usonji wanaijua adha kama hii. Tiba nawaachia waganga. Swali langu ni hili: mtu huyo na mimi, tukikaa benchi moja, tunasikia wimbo mmoja?

Jibu la haraka ni kwamba wimbo ni mmoja, ila masikio yake ni mabovu. Lakini hebu tujiulize, masikio mazima ni yapi? Aliyewahi kutibiwa malaria kwa kwinini, na katika Maniema ni wengi, anajua jinsi masikio yanavyovuma, sauti za watu wa nyumbani zikawa ngeni. Siku ile hakuna aliyemwambia kwamba anajisingizia. Au tuchukue likembe. Fundi huvisha vijipete vya chuma kwenye vijiti vyake kwa makusudi, ili kila noti iburute mtetemo nyuma yake. Mtetemo huo ndio utamu wetu. Kwa mwingine ndio mwiba. Wala huyo mwingine hakupungukiwa na kitu. Amekisikia kilekile alichokitia fundi, amekisikia mno.

Kwa hiyo naona uzuri wa wimbo ni mapatano kati ya sauti na mwili unaoipokea. Mwili usipopatana na sauti, mtu anaweza kuujua wimbo wote, akaupenda, na bado asiweze kukaa nao chumba kimoja. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika urithi wa ubinadamu. Ubinadamu huo una masikio ya kila namna.

Nilikuwa kwenye matanga fulani ambapo bafle mbili, yaani spika, zilipangwa chini ya turubai, zikitazama viti. Binti mmoja wa ukoo, umri wa shule ya sekondari, alitulia vizuri wakati wa maneno. Gitaa la kwanza lilipopanda, alitia vidole masikioni, akapenya ukuta wa watu na kutoka. Shangazi yake akasema kwa sauti, “Huyu mtoto hapendi watu.” Baadaye dada yake alimpelekea sahani ya wali, akamkuta barabarani, viwanja vitatu mbele, anaiimba sebene kwa mdomo, gitaa moja baada ya jingine, bila kuruka hata pindo moja. Binti alimwambia, “Yaya, huku ndiko ninakousikia wimbo.”

Shangazi si mtu mbaya. Matangani sauti kubwa ina kazi yake: inautangazia mtaa kwamba aliyelala hapa alikuwa na watu, na kwamba hawakumwacha alale peke yake. Ukubwa huo ni heshima, na sitaki kuudharau kwa jina la utulivu. Kelele kwangu ni kitu kingine. Ni sauti isiyompa mtu nafasi ya kukubali, iwe kubwa au ndogo. Jicho lina kope, sikio halina. Mezani kwetu pilipili huwekwa pembeni, kila mtu akajitilia kiasi chake. Sauti tunaimwaga chunguni na kumshangaa anayekohoa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitaka kumbi za muziki zisizidi wastani wa desibeli 100, na ziwe na mahali patulivu pa kupumzishia masikio. Kipimo cha desibeli sijui ni mwenye baa gani wa mjini atakayekinunua. Mahali patulivu ni benchi moja tu nyuma ya ua.

Je, aliye mbali ameshiriki? Kushiriki, nijuavyo, ni kubeba na wenzako jambo lililowakusanya. Ukaribu unasaidia kubeba, lakini haujawahi kuwa sharti. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, chini ya mto huu unaopita Kindu, karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma za gogo zilivyopeleka habari, za kifo zikiwemo, kutoka kijiji hadi kijiji. Mpokeaji alikuwa ng'ambo, na habari ilikuwa yake kamili. Hata leo, jioni, watu wa Alunguli, ng'ambo ya mji, wanaopakua mitumbwi hupokea muziki wa Kasuku uliovuka mto huohuo, Lualaba, ukali wake umebaki njiani. Wanaucheza hivyohivyo.

Hata hivyo nisimpake binti huyu asali. Kuna kitu alichokikosa kweli: bega la jirani, jasho, ule msukumo wa watu hamsini wanaogeuka pamoja. Wimbo hauwezi kuvipeleka hivyo barabarani, na yeye anajua. Kila kinachokusanya watu kina gharama, na usiku ule aliilipa peke yake, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewaza kuzigeuza bafle zikatazama shambani. Asubuhi shangazi aliwataja waliokesha, mmoja mmoja, ili washukuriwe. Binti alikuwa amesimama palepale, na jina lake halikutajwa.