Dawa ni Mali ya Nani?

Mtu aingia duka la dawa muhimu hapa Mpanda. Kifua chamsumbua, na fedha aliyo nayo yatosha vidonge vinne tu vya kuua bakteria. Avinunua, avimeza, apata nafuu. Je, ametenda kosa? Wengi hujibu upesi: hasha, fedha ni yake na mwili ni wake. Sisi hatuoni hivyo.

Dawa isiyotimia huua bakteria walio dhaifu na kuwaacha walio sugu. Nao hawabaki mwilini mwa mtu mmoja. Huhamia kwa mtoto wake, kwa jirani, kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliozishinda dawa. Nguvu ya dawa, basi, si mali ya mnunuzi peke yake.

Wapo wasemao: na tuyarudie majani ya babu zetu. Hawasemi upuuzi. Mafuta ya karafuu, ya mchaichai na ya kivumbasi, yakijaribiwa katika maabara, huua hata baadhi ya bakteria sugu, maana huharibu utando mwembamba unaowazunguka. Lakini kiasi kiuacho bakteria katika chombo si lazima mwili ukistahimili; mtoto akimeza mafuta ya mkaratusi aweza kushikwa na degedege. (Kuchoma kivumbasi kufukuza mbu ni jambo jingine, wala hatumkatazi mtu.)

Tena, tukiyapokea mafuta hayo kwa desturi ileile, kidogo leo, kidogo kesho, kwa kukisia, kwetu na kwa ng'ombe wetu, tutapata faida gani? Kasoro haikuwa katika kidonge.

Hata hivyo hatupendi lawama yote imwangukie maskini yule. Muuzaji alijua kwamba vinne havitoshi, naye alipokea fedha. Atasema: nikimnyima, ataondoka mikono mitupu. Twamjibu: ampeleke kwanza zahanati akapimwe, kwa kuwa vifua vingi vya namna hiyo havihitaji vidonge hivyo kabisa; na ikionekana vyahitajiwa, ampe dozi nzima, iliyobaki iwe deni hadi atakapouza mahindi yake.