Je, Mchimbaji Aweza Kusema Hakujua?

Zipo metali kumi na saba ambazo wataalamu huziita adimu, na jina hilo lapotosha. Seriamu, mojawapo ya hizo, imo katika ganda la dunia kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Kilicho adimu ni mahali zilipokusanyika kwa wingi wa kumlipa mchimbaji. Mara nyingi mahali hapo huwa ni mwamba wa kabonatiti, jiwe la jamii ya chokaa lililopanda likiwa uji wa moto kutoka kina kirefu cha ardhi.

Basi hutafutwaje? Hapa ndipo penye la kutufikirisha. Metali hizi aghalabu huandamana na thoriamu, ambayo hutoa mionzi. Mwaka 1949, huko Mountain Pass, California, watu waliokuwa wakitafuta urani waliongozwa na chombo cha kupimia mionzi, wakakuta hazina kubwa ya metali adimu. Dalili imwongozayo mtu kwenye faida ndiyo sumu itakayobaki katika vifusi faida ikishaondoka. Udhuru wa kutojua, ambao katika makosa mengi humpunguzia mtu lawama, hapa haupo.

Huko Bukit Merah, Malaysia, kiwanda cha kutenganisha metali hizi kutoka masalio ya machimbo ya bati kilianza kazi mwaka 1982. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1985 kwa sababu ya taka zenye thoriamu, nacho kikafungwa mwaka 1994. Miaka kumi na miwili ya kazi! Na thoriamu hupungua kufikia nusu yake kwa miaka bilioni 14.

Pengine utasema: sumaku za metali hizi huendesha magari ya umeme na mitambo ya upepo, nayo hupunguza moshi duniani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini manufaa ya walio mbali hayampi mtu ruhusa ya kumtwika jirani mzigo asioridhia.

Swali hili limekwisha bisha hodi Afrika Mashariki. Kilima cha Mrima, Kwale, ni kabonatiti yenye metali adimu na thoriamu, na juu yake umo msitu wa kaya ya Wadigo. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilifuta leseni ya uchimbaji huko. Wenye leseni walidai fidia mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi, wakashindwa mwaka 2018. Halikuwa shauri la kama kilima kina mali. Leseni yao ilikuwa imetolewa kabla ya tathmini ya mazingira kuidhinishwa.