Gonga Kwanza, Ndipo Upake



Mpendwa kijana, leo naomba tushuke pamoja ndani ya bwawa la kuogelea lililokaushwa maji. Vijana wengi wa parokia zetu wanaishi kwa kazi za ujenzi, kwa hiyo wapo watakaosoma hapa huku wakicheka, maana wanaijua kazi hii kwa mikono yao.

Bwawa la zege haliachwi zege tupu. Ndani hupigwa lipu laini, mara nyingi ya saruji nyeupe na vumbi la marumaru, unene wake kama sentimita moja tu. Ngozi hiyo nyembamba ndiyo inayokutana na klorini na miguu ya waogaji kila siku. Miaka ikipita inachoka. Inakwaruza nyayo, inashika madoa, na sehemu nyingine inavimba na kuachia.

Fundi anayejua kazi haanzi na mwiko, anaanza na nyundo. Anagonga ukuta taratibu, hatua kwa hatua, akisikiliza. Palipo pazima panatoa mlio mkavu na mzito. Palipoachia panalia kama debe tupu. Kwa macho, sehemu hizo mbili zinaweza kufanana kabisa.

Nani ataona?

Sasa tuseme mwenye bwawa anamwambia fundi: "Wewe paka juu kwa juu. Wageni wanakuja mwezi ujao, nani ataona?" Fundi mwenyewe ni kijana, kodi ya chumba imefika na mtoto anasubiri ada. Akikubali, atamaliza haraka, bwawa litang'aa, atalipwa na kusifiwa. Baadaye lipu mpya itabanduka pamoja na ile ya zamani, maana mpya imeshika ya zamani, lakini ya zamani haikushika zege.

Je, hapo kuna dhambi gani? Hakuna aliyetamka uongo. Bosi ndiye aliyeomba. Wengi tungesema, "Kazi ni kazi, bwana."

Mimi naona hivi: lipu mpya nayo inasema. Inamwambia kila anayeingia kwamba hapa ndani pako salama. Mkono unaweza kusema uongo huku mdomo umefungwa. Kwa hiyo deni la kwanza la fundi ni kumwambia bosi waziwazi alichokisikia kwenye nyundo yake, hata kama kazi itakwenda kwa mwingine. Najua si rahisi. Kulala njaa kwa sababu ya ukweli ni msalaba, na jumuiya inayomsifu kijana mwaminifu halafu ikamwacha peke yake na kodi yake, nayo ina la kujibu.

Lakini tusikaze kamba kupita kiasi. Lipu ya zamani ikiwa imeshika kweli, mafundi wanaweza kuikwaruza, kuisafisha, kuipaka kishikizo na kupiga mpya juu yake. Hiyo si hila. Kwa hiyo kosa halipo katika kufunika. Kosa ni kufunika kile ambacho umekwisha kusikia kuwa ni kitupu.

Maandiko yanasemaje?

Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kinazungumzia nyumba iliyoingiwa na ukungu ukutani. Kuhani anaifunga siku 7 kisha anarudi kuitazama. Ukungu ukiwa umeenea, mawe mabovu yanatolewa, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, kifusi kinatupwa nje ya mji, ndipo yanaletwa mawe mengine na lipu nyingine. Naye nabii Ezekieli, sura ya 13, anawakemea waliopaka chokaa ukuta dhaifu huku wakiwahubiria watu amani isiyokuwepo. Mvua ikija, ukuta wote unaanguka.

Hapo mtu atauliza: mbona Zaburi ya 32 inamwita heri yule ambaye dhambi yake imefunikwa? Swali zuri. Endelea kuisoma zaburi hiyohiyo. Mtunzi anakumbuka alivyonyamaza mpaka mifupa yake ikachakaa, kisha akaacha kuficha, akaungama, akasamehewa. Angalia mpangilio: mtu anafunua, Mungu anafunika. Sisi tunapenda kugeuza. Tunafunika wenyewe mapema, halafu tunashangaa kwa nini Mungu hajatuponya.

Kubandua nako kuna utaratibu

Jambo moja wanalolijua mafundi wa mabwawa: palipo na maji mengi ardhini, huwezi kumwaga bwawa lote kiholela. Maji ya chini yanaweza kulisukuma bwawa tupu likapasuka, hata likanyanyuka. Kwanza unayatafutia njia ya kutokea.

Na sisi vilevile. Si kila kujifunua ni toba. Kuna kijana anayemwaga maisha yake yote kwenye grupu la WhatsApp usiku wa manane, kesho yake anavunjika zaidi. Kuna mwingine anagonga ukuta wa jirani yake na kuubandua hadharani, akiita hiyo ni ukweli. Ndiyo maana Kanisa limetupa kitubio, mahali penye siri na huruma, ambapo kinachobanduliwa kinapelekwa nje ya mji na hakirudi.

Tena kuna kazi baada ya hapo. Bwawa likishapigwa lipu mpya hujazwa maji bila kukatisha, maana ukisimamisha katikati linabaki na alama ya duara. Na siku za mwanzo husuguliwa kwa brashi kila siku mpaka lipu ikomae. Katekisimu, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo huondoa dhambi, lakini haliponyi lenyewe madhara yote ambayo dhambi imeyaleta. Kama uliiba, rudisha. Kama ulimchafulia mwenzako jina, lisafishe. Hayo ndiyo malipizi.

Tafakari wiki hii

Kabla ya kwenda kuungama, kaa kimya kwa dakika chache ujigonge taratibu. Wapi panalia kama debe tupu? Je, ni pale unapopapaka rangi kila Jumapili? Na kazini kwako, ni nani anayeamini kitu ambacho mikono yako inajua si kweli?

Tuombe: Ee Yesu, wewe uliyeshika zana katika karakana ya Yosefu, tupe sikio la kusikia palipo patupu, na moyo wa kutoogopa nyundo yako. Uwakumbuke vijana wote waliopoteza kazi kwa sababu walikataa kudanganya. Amina.

Tuombeane.