Mti Una Jina Lake

Katika safari yetu ya Uganda pamoja na wanafunzi wetu, tulizuru bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya Ziwa Viktoria. Waanzilishi wake walikusudia kujaribu humo mazao ya kigeni, kama vile mpira na kakao. Hata hivyo, vijia vyake humpitisha mgeni pia chini ya miti ya asili ya nchi, nayo ndiyo iliyotutia katika fikara.

Penye mvule hatukuona taabu: Waganda husema muvule, nasi mvule. Penye mutuba tulikwama. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, huu Kiswahili chake ni nini?" Tulikaribia kuubunia jina papo hapo, kisha tukajizuia. Tungeuita mkuyu, tungeuchanganya na nduguye. Tena, je, ni haki kuupa jina jipya mti uliokwisha kupewa jina na watu walioishi nao vizazi na vizazi?

Wako watakaojibu kwamba lugha ya wengi haina budi kujitosheleza, na kwamba mwanafunzi wa Mombasa au Bujumbura asitwishwe majina ya kila kabila. Hoja hiyo ina uzito, kwani jina lisiloeleweka halifundishi. Lakini jina si alama tupu. Wataalamu waliuita mvule Chlorophora excelsa, hata mwaka 1982 wakauhamishia katika jenasi ya Milicia. Kwa seremala ulibaki mvule. Naye atajaye mutuba ametaja pia kitambaa cha magome cha Buganda, ambacho ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za binadamu. Jina hilo likifutika, mjukuu atauona mti asijue habari zake amwulize nani.

Fundi wa kitambaa hicho hulibandua gome, kisha huliviringishia shina majani ya mgomba mpaka gome jipya liote. Huchukua asiue. Hivyo ndivyo ipasavyo lugha yetu kutwaa maneno ya jirani: itwae kwa adabu na kumtaja mwenye mali. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili nalo tulipe kazi katika insha na kamusi zetu. Halitatusumbua hata katika ngeli: mutuba mmoja, mituba miwili, kama mti na miti. Lugha hizi ni ndugu, na ndugu haombi hati ya kuingia nyumbani.

Basi tulimjibu yule mwanafunzi, "Kiswahili chake ni mutuba, nasi tumelipata kwa Waganda." Akaliandika katika daftari lake.

Walimu wenzetu, je, tulimpotosha? Mwenye rai nyingine na alete hoja yake, ili sote tufaidike.