Je, Mhitaji Aulizwe Tabia Yake?



Kila mara sadaka ya maskini inapogawiwa, fedha huwa kidogo na wahitaji huwa wengi, kwa hiyo hatuna budi kuchagua. Juu ya wajane na wazee hatubishani. Ubishi huanza yanapotajwa majina ya namna nyingine: binti aliyepata mimba akiwa shuleni, mwanamke anayevuja mkojo kwa ugonjwa wa fistula, ambaye majirani husema amelaaniwa, kijana aliyefukuzwa kwao kwa kuwa inasemwa kwamba ni shoga. Hapo mtu husimama na kuuliza: "Je, fedha ya Bwana imlishe mtu wa namna hiyo?" Tusimdharau anayeuliza, maana anaogopa kulisaidia kosa. Natumaini tutalitazama swali lake polepole, kama hesabu inavyosahihishwa mstari kwa mstari.

Kwanza tujiulize sadaka ni nini. Kuna mambo matatu tunayoyachanganya. Hukumu ni kusema kwamba jambo hili ni kosa au si kosa. Kibali ni kumwambia mtu aendelee hivyo hivyo. Sadaka ni kumpa mwenye njaa chakula kwa sababu ana njaa. Mganga anayemfunga jeraha mwizi aliyepigwa hakusema kwamba wizi ni halali. Mama anayempikia uji mwanawe mlevi hakuubariki ulevi. Basi kwa nini, tukifika kanisani, bakuli la uji ligeuke kuwa cheti cha tabia njema? Yule Msamaria wa Luka 10 hakumhoji majeruhi. Alilitazama jeraha, kisha akamlipa mwenye nyumba ya wageni kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Sasa tumtazame yule binti. Zamani katika Tanzania Bara mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa, na shule ya serikali ikawa imemfungia mlango. Kenya ilikuwa imeweka utaratibu wa kuwarudisha tangu 1994, na Zanzibar 2010. Bara, Serikali ilitangaza tarehe 24 Novemba 2021 kwamba waliojifungua waweze kurudi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilikwisha kuondolewa tangu 2016. Lakini mlango kufunguliwa si kuingia. Mtoto abaki na nani? Sare, madaftari, nauli na maziwa vitoke wapi? Akivikosa kwetu, huenda akavipata kwa mwanamume mwingine, naye atavitoa kwa bei yake. Je, hapo tutakuwa tumeizuia dhambi au tumeiongeza? Tena tukumbuke kwamba aliyempa mimba huenda anakaa nasi kanisani, na sadaka yake inapokewa bila swali lolote. Tukiwa hatumwulizi tabia mtoaji, kwa haki gani tunamwuliza mpokeaji?

Kwa mwenye fistula hakuna hata kosa la kubishania. Aghalabu ni jeraha la uzazi: uchungu uliochukua muda mrefu mno, na msaada wa kitabibu haukufika kwa wakati. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi wa namna hiyo bila malipo. Anachokosa mgonjwa wa kijijini mara nyingi ni nauli, mtu wa kumsindikiza, na jirani wa kumwambia kwamba ugonjwa huo hutibika. Vitu hivyo vitatu mtaa mdogo unaviweza.

Kwa yule kijana ndiko kwenye ugumu, nami sitaukwepa. Mafundisho ya Kanisa letu juu ya ndoa yanajulikana, na sheria ya nchi inajulikana. Mkutano wa Maaskofu wa Lambeth wa 1998, katika azimio lake la 1.10, ulisema kwamba matendo ya watu wa jinsia moja hayapatani na Maandiko. Lakini azimio hilo hilo liliagiza watu wote wahudumiwe kwa uangalifu wa kichungaji, na likaulaumu woga usio na sababu dhidi ya watu hao. Nusu ya kwanza tunaikumbuka sana. Nusu ya pili tumeiweka kabatini.

Tena, Desemba 2006, Maaskofu wa Kanisa Anglikana la Tanzania walitangaza kwamba hawatapokea, kwa kujua, msaada kutoka kwa wale wa Kanisa la Episkopali la Marekani wanaoyakubali mambo hayo. Ulikuwa uamuzi wa dhamiri. Lakini dhamiri ina gharama yake. Anayekataa mkono wa mgeni amejitwika mzigo wa kuutumia mkono wake mwenyewe. Kijana anayelala nje ya stendi usiku hakuletwa na wageni. Ni mtoto wetu, tuliyembatiza sisi. Kama hatutaki wengine wamlishe, na sisi hatumlishi, basi tumechagua afe njaa, hata kama hatukulitamka neno hilo.

Mtu atasema: "Fedha haitoshi, tuwape wema kwanza." Najibu: tuchague kwa ukubwa wa shida, na kwa kadiri tunavyoweza kusaidia. Tukichagua kwa usafi wa moyo, wagawaji watakuwa wapelelezi, na wahitaji watajifunza kusema uongo ili wale. Sadaka inayodai mtu aungame mbele ya kamati kabla ya kupewa unga si sadaka tena. Ni biashara, na kinachonunuliwa ni utu wa mtu.

Wazee wetu katika imani waliyajua hayo. Katika miaka ya 1870, huko Mbweni, Unguja, wamisionari wa UMCA waliwapokea watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na wasichana wakajengewa shule. Wengi wao walifika hawana jamaa wa kuwasemea. Shida yao ndiyo iliyokuwa barua yao.

Nasi hatuhitaji fedha nyingi. Kutoa ni moyo, si utajiri. Kilo ya unga, sare iliyoachwa na mtoto aliyemaliza shule, bibi mmoja wa kumlea mtoto asubuhi, kitanda kwa wiki mbili: vyote hivi vimo ndani ya mtaa. Wachaguliwe watu wawili wasiopenda maneno, wapewe sehemu ya sadaka, nao watoe taarifa ya hesabu bila kutaja majina. Jina la mhitaji lisisomwe kanisani wala lisinong'onwe kisimani. Katika Mathayo 6 Bwana ametufundisha kutoa kwa siri, na siri hiyo humlinda mpokeaji pia.

Mwisho, tusome tena Mathayo 25. Mfalme anauliza juu ya chakula, maji, nguo, ugonjwa na kifungo. Hapo hakuna hata swali moja juu ya tabia ya aliyelishwa. Anayeulizwa ni yule aliyekuwa na chakula.

Bwana atupe macho ya kuona na mikono iliyo wazi. Amina.